Mashine Waliyotuachia Kibiti

Wataalamu wa mradi wa afya walipofunga ofisi yao pale Kibiti, karibu kila kitu kiligawanywa. Magari yalirudi Dar es Salaam, majokofu yakaenda kwenye zahanati, viti na meza vikachukuliwa na shule. Ilibaki kompyuta moja na printa yake, ile ya karatasi ndefu zenye matundu pembeni, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mzungu mmoja mrefu, mpole, aliyekuwa akiitumia, alikuwa ameiwekea mfumo endeshi ambao sikuwahi kuuona katika ofisi yoyote ya serikali. Siku aliyoondoka alinionyesha namna ya kuiwasha na kuizima, akanipa neno la siri, akaniambia kwa Kiswahili chake cha polepole, "Mfumo huu ni wa bure, na haushiki virusi. Utaupenda."

Mimi nilikuwa karani wa takwimu wa kituo cha afya. Nilizaliwa na kukulia Njombe, kwenye baridi, nikasoma kompyuta mwaka mmoja chuoni Dar es Salaam, kisha nikapangiwa Kibiti, mahali nisipokuwa na ndugu wala jamaa. Chuoni tulifundishwa mfumo ule uliozoeleka, wenye madirisha na vipicha vya kubofya. Huu wa Mzungu ulipowaka ulinionyesha kioo cheusi na kijistari kimoja cheupe kinachopepesa. Haukuniambia nifanye nini. Ulingoja tu nianze.

Daktari, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wetu, alisimama nyuma ya kiti changu akakitazama kioo kile.

"Dada, mimi ninachotaka ni kimoja," alisema. "Takwimu za chanjo kutoka zahanati zote, za huku juu na za delta, zije kwenye karatasi moja kila mwezi. Kama mashine hii haiwezi, niambie mapema. Tutaita fundi aifute, aweke mfumo wa watu wote."

Nikamwambia nitajaribu. Sikujua nilikuwa naahidi nini.

Mwalimu alikuja wiki chache baadaye. Alifundisha hesabu sekondari, na alitaka kuchapisha mtihani wa muhula kwa sababu mashine ya shule ilikuwa imeharibika. Alikuwa mtu wa Mbuchi, kule delta, Mndengereko, mwembamba, mwenye sauti ya chini ambayo wanafunzi wake walilazimika kunyamaza ili waisikie. Nilimwambia printa inafanya kazi, ila mimi sijui kuiamrisha. Akavuta kiti.

Aliniambia kwamba chuo cha ualimu alikosoma kilikuwa na somo la kuandika programu lakini hakikuwa na kompyuta. Mkufunzi aliandika programu ubaoni kwa chaki, wanafunzi wakainakili, kisha mmoja wao akasimama mbele na kujifanya mashine, akifuata amri moja baada ya nyingine mpaka jibu lipatikane. "Mimi ndiye niliyekuwa mashine mara nyingi," alisema. "Sikuwa na haraka."

Siku ile hatukufanikiwa kuchapisha mtihani. Aliuandika kwa mkono. Lakini alirudi kesho yake, na keshokutwa, na mimi nikaanza kusikiliza kama baiskeli yake inakuja.

Jenereta ya kituo iliwashwa asubuhi na kuzimwa adhuhuri, kwa hiyo muda wetu wa kushika mashine ulikuwa mfupi. Tuligundua kwamba ilikuwa na uwezo wa kuandikiwa programu, lakini kitafsiri chake, yaani ile programu inayogeuza maandishi ya binadamu kuwa lugha ya mashine, hakikuwemo. Ama Mzungu alikiondoa, ama hakukihitaji. Bila hicho tusingeweza kumtengenezea daktari ripoti yake. Na hata tungekipata, hatukuwa na kitabu cha kutuelekeza. Nilimweleza daktari. Akatafuta kwenye fungu la mafunzo, akatupa kiasi kidogo, akasema tukanunue tunachokihitaji Dar es Salaam na turudi na risiti.

Tulikwenda siku ya Jumamosi. Barabara ilikuwa bado ya mchanga, na basi lilinasa zaidi ya mara moja, tukashuka wote na kulisukuma. Mwalimu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ya mikono ikasimama, na kila tulipopanda tena alijipangusa vumbi kwa makini kama anayekwenda kwenye usaili.

Zilikuwa zile nyakati ambazo kila kitu kilikuwa kimeanza kupatikana mjini kwa mwenye nacho. Maduka ya kompyuta yalikuwa yamefunguliwa kwenye mitaa iliyokuwa na maduka ya vitenge. Tuliingia duka la kwanza, lenye kiyoyozi. Muuzaji aliyevaa tai alituletea boksi zuri lililofungwa kwa nailoni, zana kamili za kuandikia programu.

"Ni la mfumo gani?" niliuliza.

Akautaja ule wa kawaida. Nilipomtajia wetu, alitabasamu kwa huruma. "Huo sijui kama kuna mtu anauuzia kitu, dada yangu. Nunueni na mfumo wake kabisa."

Bei ya viwili hivyo ingeumaliza mshahara wangu wa miezi mingi. Mwalimu aliligeuza lile boksi, akasoma maandishi madogo nyuma. "Leseni ya mtumiaji mmoja," alisema. "Na sisi tuko wawili." Akalirudisha mezani taratibu. Sijui kwa nini maneno yale yalinifurahisha kiasi kile. Nilitoka dukani nikiyarudia moyoni.

Kariakoo tulikuta wauza CD za kunakili, za bei ya kutupa. Kulikuwa na zana za kila aina, zote za mfumo ule ule wa kawaida. Tungeweza kununua rundo zima, kurudi Kibiti, kufuta kazi ya Mzungu, na kuanza upya na kitu ninachokijua. Nilishawishika. Mwalimu hakunipinga. Alimuuliza tu muuzaji, "Ikigoma?" Muuzaji akacheka. "Ikigoma, rudi nikupe nyingine." Kutoka Kibiti, kwa barabara ile. Tukaondoka.

Duka la vitabu lilikuwa karibu na Posta, la mzee wa Kihindi mwenye miwani iliyofungwa kamba. Vitabu vya kompyuta vilikuwa rafu ya nyuma kabisa. Vya mfumo wetu vilikuwa viwili: kimoja kinene kama tofali, kilichoueleza mfumo mzima, na kingine chembamba, kilichofundisha lugha ya kuandikia programu peke yake.

"Tunaweza kusoma kidogo?" niliuliza.

"Someni. Msikunje kurasa," alisema mzee.

Tulisimama pale bega kwa bega, mimi nimeshika kile kinene, yeye akifungua kurasa kwa ncha ya kidole.

"Tukichukua hiki hatubakiwi na kitu," nilisema.

"Na tukichukua chembamba?"

"Tutaijua lugha, lakini mashine hatutaijua."

Yeye alikuwa anasoma utangulizi wa kile kinene. Kiingereza chake kilikuwa cha taratibu, midomo ikicheza. Kisha akaweka kidole kwenye mstari. Kitabu kilisema kwamba mfumo wenyewe unabeba maelezo yake yote ndani, na kwamba mtu akiandika amri fupi ya herufi tatu na jina la kitu anachotaka kukijua, mashine itamfunulia ukurasa wake.

"Kitabu hiki kinasema hatukihitaji," alisema Mwalimu.

Tulicheka mpaka mzee wa Kihindi akanyanyua miwani. Tukalipia kile chembamba. Kitafsiri tulikipata chuo kikuu, kwa mtunza maabara ambaye mzee wa duka alituelekeza kwake. Alitunakilia kwenye CD, pamoja na mambo mengine mengi tusiyoyaomba, na hakutoza zaidi ya thamani ya ile CD tupu. Risiti hakuwa nayo. Mwalimu alimwomba aandike kwenye karatasi kwamba ametoa, akaandika. Kisha tukala machungwa tumekaa kwenye ukuta mfupi, tukingoja muda wa basi. Yeye alimenya langu kwanza.

Tangu hapo asubuhi zikawa za mashine na alasiri zikawa za karatasi. Jenereta ikiwaka, tulichapisha kurasa za maelezo kutoka ndani ya mfumo, printa ikikwaruza mpaka manesi wanalalamika. Ikizimwa, tulitoka barazani na msururu wa karatasi zetu, tukazisoma. Mwalimu hakupenda kukariri neno asilolielewa, kwa hiyo tulitafuta Kiswahili cha kila kitu. Saraka ya juu kabisa, yaani mahali mafaili yote yanapoanzia, tuliiita shina. Programu iliyozaa nyingine ilikuwa mzazi, iliyozaliwa ilikuwa mtoto, na mzazi akifa kabla ya mtoto, kitabu chenyewe kilisema huyo sasa ni yatima. Halafu tukafika kwenye neno ambalo kamusi ilisema maana yake ni pepo. Lilikuwa jina la programu zinazokaa chinichini zikifanya kazi bila mtu kuziita.

"Hawa kwetu Mbuchi tunao wengi," Mwalimu alisema.

"Na wanafanya kazi?"

"Wakipikiwa vizuri."

Programu yetu ya kwanza ilikuwa ya kujumlisha tu watoto waliochanjwa. Tuliiandika kwa penseli, yeye akijifanya mashine kama zamani chuoni, mimi nikimpa tarakimu. Asubuhi tulipoiingiza ilikataa, kwa kosa la alama moja tuliyoisahau. Tukaisahihisha, ikakataa kwingine. Tukaendelea hivyo mpaka siku moja ikakubali, ikatoa jumla, na jumla ile ilikuwa sawa na ile niliyoipata kwa mkono. Mwalimu aliweka kiganja chake juu ya meza karibu na changu, akakiacha hapo.

Wakati mvua zilipopungua nilikwenda Mbuchi na boti ya chanjo kueleza fomu mpya, na yeye alikuwa likizo kwao. Mama yake alinipokea gatini kama mtu aliyenijua. Nyumbani aliniandalia wali wa nazi na kamba wakubwa, akakaa mkekani kunitazama nikila.

"Mwanangu, kwenu Njombe kuna mpunga?"

"Hakuna, mama. Kuna viazi na mahindi."

"Na Ramadhani unafungaje, na hiyo baridi?"

"Mimi ni Mkristo, mama."

"Najua," alisema kwa upole. "Nilitaka nikusikie ukisema mwenyewe." Akaniongezea kamba. Alikuwa mwema kwangu siku nzima, na wakati wa kuondoka alinifungia mchele wa kwao kwenye khanga. Mwalimu alinisindikiza hadi kwenye boti. Alikuwa amesikia yote kutoka uani, na hakuyataja.

Ripoti ya kwanza kamili ilitoka karibu na mwisho wa mwaka: zahanati zote, kwenye karatasi moja. Daktari aliibandika ukutani. Wageni kutoka mkoani walikuja kuitazama, wakauliza tumenunua programu wapi, nasi tukawaambia hatukununua. Katika wageni hao alikuwemo mtu mwenye ndugu kwenye mojawapo ya kampuni mpya za simu zilizokuwa zimeanza mjini. Mitambo yao, alisema, inatumia mfumo kama huu wetu, na wanaoujua ni wachache mno.

Nilisikia yaliyofuata tukiwa Ndundu, kwenye kivuko cha mto. Mimi na Mwalimu tulikuwa tunakwenda zahanati ya Chumbi kuchukua takwimu, na pantoni ilikuwa upande wa pili, imekwama kwenye fungu la mchanga. Daraja lilikuwa bado maneno tu. Dereva alilala garini, sisi tukashuka tukasimama ukingoni.

"Wameniita kazini," alisema Mwalimu. "Wale wa simu."

"Nimefurahi."

"Wakaniuliza kama namjua mwingine anayeuweza mfumo huu. Nikasema namjua."

Nilijua anachosema, lakini nilitaka akiseme. "Ukamtaja nani?"

"Karani wa takwimu wa Kibiti." Akatazama maji. "Nafasi ipo. Twende wote."

"Nikienda, nitakwenda kama nani?"

"Kama wewe. Una kazi yako na mshahara wako." Akanigeukia. "Ila mimi ningependa uende kama mke wangu."

Watu waliokuwa wakingoja pamoja nasi walikuwa wamekaa juu ya magunia, wakizungumza Kimatumbi. Nilishukuru kwamba walikuwepo, kwa sababu nisingejua uso wangu niuelekeze wapi.

"Kwa ndoa ipi?" nilimuuliza.

"Nimelifikiria swali hilo kuliko mengine yote. Sitakwambia ubadili dini. Na mimi sitabadili. Kuna ndoa ya bomani."

"Na mama yako?"

"Mama atalia, halafu atazoea."

"Baba yangu hatalia," nilisema. "Atanyamaza."

Pantoni ilijinasua, ikaanza kuja. Nilimwambia anisubiri niende nyumbani likizo, nikaseme mwenyewe. Akasema atasubiri kadiri kampuni itakavyomruhusu.

Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa haki, ambaye alinisomesha wakati majirani zake wakiozesha binti zao. Nilimweleza tukiwa wawili, jikoni, penye moto. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Ni mtu mwema?" aliuliza.

"Ni mwema, baba."

"Siwezi kusema uongo kwamba simwamini," alisema. "Lakini sitakuwa na la kusema mbele ya watu."

Tangu hapo hakunigombeza. Aliacha tu kuzungumza nami. Akitaka kitu alimwambia mama, na mama akaniambia mimi, nikiwa nimekaa meza hiyo hiyo. Likizo ilipokwisha alinisindikiza kituoni, akanibebea mzigo, akaupandisha mwenyewe kwenye basi, na hakufungua mdomo. Nilikuwa na umri wa kutosha kuamua. Nilirudi Kibiti bila kuamua.

Nilimwambia Mwalimu ninahitaji muda. Akasema anaelewa, na nadhani alielewa kuliko nilivyotaka. Kampuni haikuwa na muda. Alikabidhi vitabu vya shule, akanipa mkono mbele ya wanafunzi waliokuja kumuaga, akaniambia, "Tutaonana, dada." Hakuwahi kuniita dada kabla ya siku hiyo. Wengine wote waliniita hivyo, yeye peke yake hakuniita.

Wiki ile niliingia ofisini kila asubuhi kama kawaida, kwa sababu fomu za delta zilikuwa zimefika. Kiti chake kilikuwa pale. Mfumo ule ulikuwa na tabia moja: kila mtu alikuwa na jina lake la kuingilia, na ukiingia ulikukumbusha mara yako ya mwisho kuingia ilikuwa lini, siku na saa. Neno lake la siri nililijua, kama yeye alivyolijua langu. Ningeweza kuangalia kumbukumbu zake nikiwa kwenye jina langu, lakini nilitaka kuingia kupitia kwake. Nikaandika jina lake. Mashine ikaniambia aliingia mara ya mwisho siku moja kabla ya kuondoka, saa mbili kasorobo asubuhi, wakati mimi nikiwa bado njiani. Alikuja peke yake. Nilitafuta alichokifanya, sikuona chochote kipya. Hakuacha hata mstari mmoja. Aliingia, akakaa, akatoka.

Kesho yake nikarudia, nikitaka kuiona tena ile saa. Ilikuwa imefutika. Mahali pake ilikuwepo saa yangu mimi, ya jana, na ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nimeifuta mwenyewe kwa kuingia. Nilizima mashine, nikatoka nje, nikakaa barazani mpaka nesi mmoja akaja kuniuliza kama naumwa.

Nilibaki Kibiti miaka mingine. Mama yake Mwalimu alikuwa akinitumia salamu kwa watu wa boti, na mara moja kikapu cha kamba wakavu. Mwalimu aliniandikia mwanzoni, habari za kazi, mitambo, wenzake. Nilimjibu habari za kazi. Baadaye nikasikia ameoa, mwanamke wa kwao, na watu walionieleza walikuwa wananitazama usoni huku wakinieleza. Mimi pia niliolewa, Njombe, kanisani, na mtu ambaye amenitendea vizuri miaka yote hii. Baba alisimamia shughuli ile kwa furaha kubwa, na tuliongea sana siku hiyo, mimi na yeye, kama watu waliorudi kutoka safari tofauti. Hakuwahi kuutaja ule ukimya wake. Na mimi sikumuuliza.

Kazi yangu hadi leo ni takwimu, na vijana ninaofanya nao kazi wana kila kitu: wakitaka kujua amri fulani wanauliza simu, inawajibu kabla hawajamaliza kuandika. Siwaonei wivu kwa hilo. Lakini nikimwona mmoja ameinama peke yake mbele ya kioo, amepata jibu na hana wa kumgeukia, huwa najikuta nikimsogelea na kumwomba anisomee alichopata, polepole, kwa sauti, hata kama nakijua. Wengi hudhani nawakagua. Mmoja aliwahi kuvuta kiti cha pembeni, akakipangusa kwa kiganja, akaniambia, "Kaa basi, mama." Nikakaa.